Jarida la wanafunzi chuoni: namna ya kulianzisha na kulifanya lilee waandishi

Novemba 1969, wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, walitoa toleo la kwanza la jarida waliloliita Cheche. Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, zikatolewa kwa saiklostaili, yaani mashine ya kurudufu ya enzi hizo, na kazi kubwa waliifanya wao wenyewe. Wahariri wake, akina Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, walikuwa bado wanasoma. Mwaka 1970 jarida hilo likachapa insha ndefu ya kijana wa sheria, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, na wasomi waliokwisha kujipatia jina, mhadhiri wa historia Walter Rodney akiwa mmoja wao, wakashika kalamu kumjibu. Novemba ya mwaka huohuo serikali ikalipiga marufuku. Shivji baadaye akawa profesa wa sheria, Hirji profesa wa takwimu za tiba, Meghji waziri wa fedha.

Siasa za Cheche tuziache pembeni. Linalotuhusu hapa ni lile jibu. Mwanafunzi aliandika, na mwalimu akamjibu kama mtu anayejibiwa, hadharani, kwa hoja. Hicho ndicho kinachokosekana vyuoni kwetu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaandika tasnifu, anapewa alama, kazi inabaki kabatini kwa msimamizi, na maoni aliyoyapata ni mistari miwili ya wino mwekundu: "Rekebisha marejeleo. Nadharia haijaelezwa." Jarida linaloendeshwa na wanafunzi linaweza kuziba pengo hilo kama likipangwa kwa nia hiyo tangu mwanzo. Lisipopangwa hivyo linakuwa kijitabu chenye picha ya makamu mkuu wa chuo kwenye ukurasa wa pili, kinatoka mara moja na kusahaulika.

Si jambo geni. Harvard Law Review ya Marekani imehaririwa na wanafunzi tangu 1887. Karibu nasi, wanafunzi wa udaktari Muhimbili wamewahi kutoa jarida lao kupitia chama chao, TAMSA, na Nairobi wanafunzi wa sheria wa Strathmore wanahariri Strathmore Law Review. Hatua zifuatazo nimeziandika nikimfikiria mwanafunzi wa idara ya kawaida, tuseme Kiswahili, historia au sosholojia, asiye na bajeti ya maana.

Hatua ya 1: Tafuta watu kabla ya nembo

Majarida mengi ya wanafunzi huanza na nembo, kundi la WhatsApp la watu 80, na mjadala wa wiki tatu kuhusu jina. Anza na watu watano wanaosoma. Mhariri mkuu. Katibu wa uhariri, ambaye kazi yake ni kujua kila makala iko wapi na kwa nani leo (huyu ndiye moyo wa jarida, mchague kwa makini kuliko mhariri mkuu). Wahariri wawili wa makala. Na mtu mmoja wa kusanifu kurasa.

Kila mmoja awe na msaidizi wa mwaka wa kwanza au wa pili. Usilifanye hili baadaye, lifanye siku hiyohiyo. Shahada ni miaka mitatu. Mhariri akianza kazi akiwa mwaka wa tatu, ana miezi michache kabla ya kutoweka.

Kisha tafuteni mlezi. Kishawishi ni kumfuata profesa mwenye jina kubwa kuliko wote. Mfuateni mhadhiri anayejibu baruapepe, hata kama ndiyo kwanza amerudi na shahada ya uzamivu. Profesa mkubwa mwekeni kwenye bodi ya ushauri, atawafaa huko. Jambo moja la kukumbuka mapema: DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bure, hukubali jarida la wanafunzi pale tu bodi yake ya ushauri inapokuwa na angalau watu wawili wenye uzamivu au sifa inayolingana nayo. Inataka pia makala za utafiti zisizopungua tano kwa mwaka. Hata kama hamna haraka ya kuingia huko, bodi iundeni kwa kigezo hicho.

Andikeni ukurasa mmoja wa mipaka ya mlezi. Ninavyoona mimi, mlezi awe na sauti ya mwisho kwenye maadili na sheria: wizi wa kitaaluma, kashfa, data za watu zisizo na kibali. Kuamua makala ipi ichapwe na ipi irudi ni kazi ya wahariri, hata pale mlezi anapoona wamekosea. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kukataa makala hajifunzi kuhariri. Anajifunza kubeba faili.

Hatua ya 2: Tafuta nyumba

Jarida liwe chini ya idara, ndaki au chama cha kitaaluma cha wanafunzi. Serikali ya wanafunzi siipendekezi. Uongozi wake hubadilika kila uchaguzi, na jarida hugeuka kuwa ahadi ya kampeni ya mgombea mmoja na jambo la kuuawa na mgombea anayefuata. Andikeni barua rasmi kwa mkuu wa idara, mkiambatisha ukurasa wa mipaka na majina ya bodi. Ulizeni pia ofisi ya sheria ya chuo kama kuna taratibu za uchapishaji mnazopaswa kufuata. Ni heri swali hilo liulizwe nanyi kuliko liulizwe na mtu mwingine toleo likiwa limeshatoka.

Namba ya ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida, yenye tarakimu nane, hutolewa Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba. Toleo la karatasi na toleo la mtandaoni kila moja lina namba yake, kwa hiyo msitumie moja kwa yote mawili.

Hatua ya 3: Amua mtachapa nini, na mtakataa nini

"Jarida la taaluma zote" ni jarida lisilo na msomaji. Chagueni uwanja ambao wahariri wenu wanaweza kuusoma na kuuelewa.

Aina za kazi ziwe tatu. Makala ya utafiti, maneno 3,000 hadi 5,000, ambayo mara nyingi huzaliwa kutoka sura moja ya tasnifu. Tahadharisheni hapo: tasnifu nzima iliyokatwa mkia na kichwa si makala. Mapitio ya kitabu, maneno 1,000 hivi. Haya ndiyo mlango wa mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye hajafanya utafiti bado. Na taarifa fupi ya uwandani, yaani mtu aliyekwenda kukusanya data anaeleza alichokiona, alivyokipata na kilichomshinda. Hii ya tatu majarida ya wakubwa huidharau, lakini kwa anayejiandaa kwenda uwandani mwakani ina thamani kuliko makala mbili za nadharia.

Hatua ya 4: Kalenda ifuate maisha ya chuo

Kwa vyuo vya Tanzania mwaka huanza Oktoba au Novemba. Mwito wa makala utoke wiki chache baada ya masomo kushika kasi. Mwisho wa kupokea uwe kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza, kwa sababu baada yake watu hutawanyika. Tathmini ifanyike mwanzoni mwa muhula wa pili. Masahihisho ya waandishi yakamilike kabla ya mitihani ya mwisho. Kipindi cha mafunzo kwa vitendo msikitegemee kwa lolote isipokuwa usanifu wa kurasa. Toleo litoke Oktoba, wageni wa mwaka wa kwanza wakiwasili: hao ndio wasaidizi wenu wajao.

Toleo moja kwa mwaka linatosha. Likitoka kila mwaka kwa miaka minne lina heshima kuliko lililotangaza matoleo manne kwa mwaka na kutoa moja.

Hatua ya 5: Mapokezi

Kila makala ipewe namba siku inapofika, na mwandishi ajulishwe kwamba imefika. Kabla haijakwenda kwa mtathmini, katibu na mhariri mmoja waikague kwa mambo manne.

La kwanza ni kibali. Kama mwandishi amehoji watu au kutumia taarifa za wagonjwa au wanafunzi, aonyeshe kibali cha utafiti kutoka chuoni na, inapohitajika, kutoka mamlaka husika. Kenya mamlaka hiyo ni NACOSTI na Tanzania ni COSTECH, zote tume za sayansi na teknolojia, na kwa utafiti wa afya Tanzania kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Majina na namba za simu za waliohojiwa zisionekane kwenye makala wala kwenye viambatisho.

La pili ni wizi wa kitaaluma. Programu za kukagua ufanano husaidia, ila zina upofu mmoja unaotuhusu sana sisi tunaoandika Kiswahili: hazikamati vizuri makala iliyotafsiriwa kimyakimya kutoka Kiingereza. Hapo dawa ni jicho. Ukiona aya tatu za ufasaha wa ajabu katikati ya maandishi ya kawaida, au marejeleo ya vitabu ambavyo maktaba yenu haina na mtandaoni havisomeki bure, muulize mwandishi kwa upole amevipataje. Mara nyingi atakwambia. Wengi hawakuwahi kufundishwa kwamba kutafsiri bila kutaja nako ni wizi, na mazungumzo hayo ya dakika kumi ni malezi tosha.

La tatu ni akili unde (AI). Wekeni sera ya sentensi mbili na muifuate: mwandishi aseme kama alitumia programu hizo na kwa kazi gani, na kila rejeleo alilotaja awe amelisoma mwenyewe. Kagueni marejeleo matano bila mpangilio. Rejeleo lisilokuwepo duniani ndilo dalili ya haraka kuliko zote.

La nne ni jina la msimamizi, na hili lina moto. Kuna wahadhiri wanaotaka jina lao litangulie kwenye kila makala inayotokana na tasnifu waliyoisimamia. Kuna pia wanafunzi wanaoliweka bila kumwuliza, wakidhani linafungua milango. Chukueni vigezo vinne vinavyotumiwa na majarida ya tiba, vile vya ICMJE: mwandishi ni aliyechangia kwa uzito wazo, ukusanyaji au uchambuzi wa data, aliyeshiriki kuandika au kusahihisha maudhui, aliyeidhinisha nakala ya mwisho, na aliyekubali kuwajibika kwa kilichomo. Vyote vinne kwa pamoja. Asiyevitimiza anashukuriwa kwenye tanbihi ya shukrani. Vigezo hivyo vichapwe kwenye mwito wa makala, ili mwanafunzi asilazimike kubishana na msimamizi wake peke yake. Mlezi wa jarida ndiye atakayebeba mazungumzo hayo yakizuka, na ndiyo maana nilisema mtafute anayejibu baruapepe.

Hatua ya 6: Tathmini

Hapa ndipo jarida linapolea au linapoua, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila makala isomwe na watu wawili: mwanafunzi mmoja wa mwaka wa juu au wa uzamili, na mhadhiri mmoja. Mwanafunzi huona pasipoeleweka. Mhadhiri huona pasipo sahihi. Mkiwa na mmoja tu kati yao, mmepata nusu ya kazi.

Majina yafichwe pande zote mbili. Kwenye idara ndogo hili ni gumu, maana kila mtu anajua nani anaandika kuhusu taarab na nani kuhusu majina ya daladala. Suluhisho ni kubadilishana: idara ya Dodoma isomewe na wenzao wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ya Mlimani na wenzao wa vyuo vikuu vya Moi au Pwani, Kenya. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vya Afrika Mashariki, kama CHAWAKAMA, vinakutanisha watu hao tayari. Tumieni mikutano yao kuomba watathmini. Na kumbukeni kufuta jina la mwandishi lililojificha kwenye sifa za faili. Wengi hufuta la ukurasa wa kwanza na kuliacha hilo.

Fomu ya tathmini yenye visanduku kumi na tano vya alama itupeni. Mtathmini ajibu maswali matatu kwa aya kamili: Mwandishi anadai nini, kwa maneno yako? Ni ushahidi gani unalitetea dai hilo, na upi unalipinga? Ni mambo gani mawili ambayo akiyarekebisha makala itapanda daraja? Swali la kwanza ndilo lenye kazi kubwa. Mtathmini asiyeweza kulijibu hajasoma, au makala haina dai, na vyote viwili mhariri anapaswa kuvijua.

Sasa barua. Linganisha hii:

"Makala haina mashiko. Nadharia dhaifu. Lugha ihaririwe upya."

na hii:

"Ndugu mwandishi, nimelielewa dai lako hivi: vijana wa sokoni huchanganya ndimi zaidi wakiwa na wateja kuliko wakiwa wao kwa wao. Data za ukurasa wa 6 zinalitetea vizuri. Za ukurasa wa 9 zinalipinga, kwa kuwa mazungumzo yote mawili ya pale hayana mteja na bado ndimi zimechanganywa. Ama ueleze sababu, ama upunguze ukali wa dai lako. Sehemu ya nadharia inaweza kupungua hadi nusu. Unayemtumia hasa ni mmoja kati ya wanne uliowataja."

Ya kwanza haimwambii mwandishi afanye nini kesho asubuhi. Ya pili ni kali zaidi ukiitazama vizuri, inambomolea nusu ya makala, lakini inamwachia kazi ya kufanya. Watathmini wanafunzi huandika barua za aina ya kwanza kwa sababu ndizo walizowahi kupokea. Kwa hiyo, kabla ya msimu wa tathmini, kaeni alasiri moja na makala moja ya zamani, kila mtu aandike barua, zisomwe kwa sauti bila majina, mlezi asome yake mwisho. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu ambacho jarida lisikikose, nitachagua alasiri hiyo.

Mhariri asipeleke barua za watathmini kwa mwandishi jinsi zilivyo. Aandike barua yake mwenyewe ya kuzitangulia, akisema maoni yapi ni ya lazima na yapi ni ya hiari, hasa pale watathmini wawili wanapopingana. Makala ikikataliwa, barua iwe ndefu kuliko ya makala iliyokubaliwa. Msaidizi wa mhariri asome kila barua kabla haijatumwa, ili mwakani azijue.

Mhariri anayetaka kuchapa makala yake mwenyewe? Aruhusiwe, mara moja katika muda wake, na faili lishikwe na mhariri mwingine, yeye asilione.

Hatua ya 7: Uhariri wa lugha

Fanyeni ana kwa ana inapowezekana, mhariri na mwandishi wakiwa na nakala moja mezani. Mhariri asiandike upya sentensi ya mwandishi. Aulize anamaanisha nini, na mwandishi aiandike upya mwenyewe. Inachelewesha, najua. Chagueni mtindo mmoja wa marejeleo, APA kwa mfano, na muuandikie karatasi ya kurasa mbili yenye mifano ya Kiswahili: mwandishi mwenye majina matatu anaorodheshwaje, mahojiano ya mdomo yanatajwaje, tasnifu isiyochapishwa inaandikwaje. Mifano ya vitabu vya mwongozo vya Marekani haiwajui wataalamu wa Kiswahili akina Mulokozi wala Abdulaziz.

Hatua ya 8: Kutoa toleo

Programu ya Open Journal Systems, ya kuendeshea majarida mtandaoni, inayotengenezwa na mradi wa PKP wa Canada, ni ya bure na vyuo vingi vya kwetu vinaitumia kwa majarida yao. Ulizeni kitengo cha TEHAMA au maktaba kama mnaweza kupewa nafasi kwenye mfumo uliopo. Msinunue anwani ya tovuti yenu wenyewe: atakayeilipia mwaka wa tatu atakuwa ameshahitimu, na makala zote zitazimika siku moja. Mfumo ukishindikana, PDF kwenye hazina ya kidijitali ya maktaba ya chuo inatosha. Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, hutoa bila malipo DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni, kwa kila kazi inayopakiwa.

Chagueni leseni ya Creative Commons, inayoeleza wengine wanaruhusiwa kuitumia makala vipi, na muichape kwenye kila makala. Mwandishi abaki na hakimiliki yake.

Nakala za karatasi: thelathini au hamsini, kwenye steshenari ya kuaminika. Moja kwa kila mwandishi, moja maktaba ya idara, zile zinazotakiwa kisheria ziende Bodi ya Huduma za Maktaba, zilizobaki mgeni wa mwaka wa kwanza azione kwa macho. Mwandishi asitozwe hata shilingi. Wanafunzi wetu wanasumbuliwa kila wiki na baruapepe za majarida ya kilaghai yanayoahidi kuchapa kwa siku mbili ukilipa dola. Jarida lenu lisifanane nayo kwa namna yoyote.

Hatua ya 9: Kurithishana

Akaunti zote ziwe za baruapepe ya jarida, si ya mtu. Nywila zibaki kwa katibu na kwa mlezi. Faili la makabidhiano liwe na orodha ya watathmini na nani alirudisha kazi kwa wakati, mifano mitano ya barua nzuri, na makala zilizo njiani zikiwa na tarehe ya hatua inayofuata.

Makabidhiano yafanyike Mei, wakubwa wakiwa bado chuoni, na msimu mmoja wa masahihisho uendeshwe na wasaidizi huku wahariri wa zamani wakitazama tu. Walioandikiwa barua za kukataliwa mwaka huo waalikwe kuwa watathmini wa mwaka ujao. Wengi hukubali.